Julai 13, 1985: siku ya roki, na vijana wawili waliotoka kwetu

Wadau, leo tuongee roki.

Najua wengine mtashangaa. Mwandishi wa Bongo na roki wapi na wapi? Sisi ni watu wa dansi, taarab, rumba na bongo fleva, magitaa ya kupiga kelele tuwaachie wenyewe. Subirini kidogo. Kuna siku moja kwenye kalenda ambayo wapenzi wa roki wanaiheshimu kama sisi tunavyoiheshimu Saba Saba. Ni Julai 13. Kule Brazil wanaiita kabisa Siku ya Roki Duniani. Nimekuwa nikiisoma siku hiyo kwa muda sasa, na kadiri ninavyoisoma ndivyo ninavyozidi kuona kwamba inatuhusu sana, tena kwa namna ambayo hatujawahi kuisimulia vizuri.

Kwa wale msiojua, ilikuwa Jumamosi, Julai 13, 1985. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Siku hiyo lilifanyika tamasha la Live Aid, katika viwanja viwili kwa wakati mmoja: Wembley, London, palipokuwa na watu kama 72,000, na uwanja wa John F. Kennedy, Philadelphia, palipokuwa na watu zaidi ya 80,000. Wanamuziki hawakulipwa. Fedha zote zilikuwa za wahanga wa njaa Ethiopia. Matangazo yalirushwa kwa setilaiti, na waandaaji walikadiria kwamba watazamaji walifika zaidi ya bilioni moja. Mkusanyaji mkuu alikuwa Bob Geldof, mwimbaji wa Ireland wa bendi ya Boomtown Rats, akisaidiwa na Midge Ure wa bendi ya Ultravox.

Hebu tuipitie siku yenyewe. Nitatumia saa zetu za Afrika Mashariki ili tuione kama ingeonekana kutoka huku.

Saa nane mchana, bendi ya Status Quo inafungua pale Wembley, Mwanamfalme Charles na mkewe Diana wakiwa jukwaani kwa wageni. Karibu saa mbili baadaye Philadelphia nako kunafunguliwa. Kuanzia hapo dunia inarushwa huku na huku, London kidogo, Marekani kidogo. Phil Collins anaimba London, anapanda ndege ya Concorde, anavuka Atlantiki na kuimba tena Philadelphia siku hiyohiyo. Jamaa alitaka rekodi, akaipata.

Saa moja na dakika 20 usiku wanapanda U2, vijana wa Dublin ambao bado hawajawa wakubwa kivile. Wimbo mmoja tu, uitwao Bad, wanauvuta kwa dakika kama kumi na mbili, kwa sababu Bono anaruka chini kumfuata binti mmoja kwenye umati na kucheza naye. Muda unakwisha, wimbo wao mkubwa hawaupigi kabisa. Wenzake walikasirika, wakaamini wameharibu. Kumbe ndiyo siku walipotoka.

Saa mbili na dakika 41 usiku wanapanda Queen. Hapa naomba tupaache kwanza, nitaparudia.

Baada yao anakuja David Bowie, na anafanya jambo ambalo wachache wangelifanya: anakata wimbo wake mmoja ili muda huo itumike kuonyesha filamu fupi. Ni picha za njaa Ethiopia, zilizopigwa na shirika la utangazaji la Canada, CBC, na kuunganishwa na wimbo wa taratibu wa bendi ya The Cars. Uwanja unanyamaza. Inasemwa kwamba ni baada ya filamu hiyo simu za wachangiaji zilipomiminika kweli. Ndani yake kuna uso wa mtoto wa kike aliyeonekana anakata roho. Hakufa. Anaitwa Birhan Woldu, na miaka ishirini baadaye alisimama mwenyewe jukwaani London, mtu mzima, akiwa na Madonna.

Saa nne usiku The Who wanaanza, na mitambo inakata katikati ya wimbo wao maarufu kuliko yote. Karibu na saa sita, Paul McCartney anaketi kwenye piano, na kwa dakika mbili hivi kipaza sauti chake hakitoi sauti. Umati unamwimbia. Huko Marekani, Led Zeppelin wanarudi pamoja, saa tisa usiku kwetu, na wanapiga vibaya kiasi kwamba walikuja kukataa kipande chao kisiwekwe kwenye DVD ya tamasha mwaka 2004. Alfajiri anapanda Bob Dylan, na badala ya kusema habari za Ethiopia anasema fedha kidogo wangepewa wakulima wa Marekani wenye madeni. Geldof alichukia, lakini kauli hiyo ndiyo iliyozaa tamasha la Farm Aid, Septemba 22 mwaka huohuo. Kunafungwa saa kumi na mbili asubuhi, Jumapili. Saa kumi na sita za muziki.

Hiyo ndiyo Julai 13 kama inavyosimuliwa kwenye magazeti ya Ulaya kila mwaka. Ni hadithi tamu. Ila mimi ni mwandishi wa habari, na kazi yetu inatufundisha kuuliza swali la kishamba: ilianzaje? Kabla Geldof hajashika simu kumpigia yeyote, nani alimwambia kwamba watu wanakufa Ethiopia?

Jibu ni mtu wa Nairobi. Jina lake Mohamed Amin.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, lakini ujana wake na shule yake vilikuwa Dar es Salaam. Hapo Dar ndipo alipoanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, mwaka 1963, akiwa hajatimiza hata miaka 21. Picha za Tom Mboya akiwa amepigwa risasi Nairobi, Julai 1969, ni zake. Oktoba 1984 alipata kibali cha kuingia kaskazini mwa Ethiopia, kibali kigumu mno, maana serikali ya kijeshi ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa imetoka kusherehekea miaka kumi ya mapinduzi yake kwa gharama kubwa na haikutaka dunia ione kinachoendelea vijijini. Amin alifika Korem na Mekele akiwa na Michael Buerk wa BBC. Kamera ilikuwa begani kwa Amin. Sauti ilikuwa ya Buerk.

Taarifa ilirushwa London Oktoba 23, 1984, kisha ikachukuliwa na mamia ya vituo duniani. Geldof aliiona akiwa nyumbani kwake. Mwezi mmoja baadaye, Novemba 25, alikuwa amewajaza mastaa wa Uingereza kwenye studio moja ya London kurekodi wimbo wa Krismasi wa kuchangisha fedha, chini ya jina la Band Aid. Januari 28, 1985 Wamarekani wakarekodi wao Los Angeles, na hapa kuna kisa kitakachowachekesha: Stevie Wonder alipendekeza kipande kiimbwe kwa Kiswahili! Ukazuka ubishi mkubwa usiku ule, mwimbaji mmoja wa muziki wa kantri, Waylon Jennings, akaondoka zake, na mwishowe wakakumbushana kwamba Waethiopia hawasemi Kiswahili. Lugha yetu nusura iingie kwenye wimbo mkubwa kuliko yote wa mwaka ule, kwa sababu tu watu hawakuwa na uhakika wa ramani.

Kwa hiyo andikeni hivi: bila picha za Amin, hakuna Band Aid. Bila Band Aid, hakuna Live Aid. Bila Live Aid, Julai 13 ni Jumamosi kama Jumamosi nyingine.

Sasa turudi saa mbili na dakika 41 usiku.

Queen mwaka 1985 hawakuwa katika hali nzuri. Walionekana wamechuja. Kibaya zaidi, walikuwa wananuka kisiasa. Oktoba 1984, mwezi uleule Amin alipokuwa Korem na kamera yake, Queen walikuwa wanapiga muziki Sun City, kwenye hoteli ya kamari ndani ya Bophuthatswana, moja ya zile nchi za bandia zilizoundwa na makaburu. Chama cha wanamuziki Uingereza kiliwatoza faini, na jina lao likaingia kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya wasanii waliovunja mgomo dhidi ya ubaguzi. Tusilifiche hilo kwa sababu tu tunampenda mtu.

Lakini walijiandaa kuliko wengine. Kila bendi ilipewa dakika kama ishirini, na wengi walikuja tu na nyimbo zao na kuzipiga kama zilivyo. Queen walijifungia katika ukumbi wa Shaw, London, wakazikatakata nyimbo zao sita ziingie kwenye muda, saa ikiwa mezani. Walipopanda, mwimbaji wao alikuwa na fulana nyeupe isiyo na mikono, na ndani ya dakika chache watu 72,000 walikuwa wanapiga makofi juu ya vichwa vyao kwa pamoja kama kikosi cha gwaride. Kisha akaanza mchezo wa kuimba na kuitikiwa: yeye anatoa sauti, uwanja unairudisha. Anaipandisha, wanaipandisha. Ukiitazama leo, huoni mtu anayeomba apendwe. Ni mtu aliyezoea kutawala. Dakika 21 tu. Mwaka 2005 watu wa tasnia ya muziki Uingereza waliichagua kuwa onyesho bora la jukwaani katika historia ya roki, na filamu ya mwaka 2018 kuhusu bendi hiyo inaishia palepale, Wembley.

Mwimbaji huyo ni Freddie Mercury. Na Freddie Mercury, kama wengi wenu mnavyojua, ni Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja Mjini Septemba 5, 1946. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarati. Baba alikuwa mshika fedha katika serikali ya kikoloni. Alipelekwa shule Panchgani, India, akiwa mdogo, akarudi Unguja akiwa kijana. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea alikuwa na miaka 17. Familia iliondoka mwaka huohuo, ikahamia Feltham, pembezoni mwa London.

Na hapa ndipo mimi niliposimama nikashika kichwa. Kwa sababu Mohamed Amin, kijana wa miaka 20 mwenye kampuni changa hapo Dar, alikuwa miongoni mwa wapiga picha walioyaripoti Mapinduzi hayohayo. Kisiwa kimoja, mwaka mmoja. Mmoja anakuja na kamera, mwingine anafunga mizigo na wazazi wake. Sina ushahidi wowote kwamba waliwahi kuonana, na sitajifanya ninao. Miaka miwili baadaye, 1966, Amin naye alikamatwa Unguja kwa ajili ya picha zake, akawekwa ndani karibu mwezi mzima, kisha akafukuzwa akarudi Kenya. Kwa hiyo wote wawili Zanzibar iliwatoa. Na miaka ishirini na moja baada ya Mapinduzi, siku moja kubwa kuliko zote za roki ilianzishwa na macho ya mmoja na kubebwa na koo la mwingine.

Sasa uliza: siku ile ya Julai 13, Afrika ilikuwa wapi kwenye hadithi yake yenyewe?

Kwenye jukwaa la Wembley nawafahamu wawili waliozaliwa barani humu: Freddie, na Sade Adu aliyezaliwa Ibadan, Nigeria. Matangazo ya ziada yaliungwa kutoka nchi nyingi, Australia, Japani, hata Moscow wakati wa vita baridi. Nairobi haikuwemo. Lagos haikuwemo. Addis Ababa haikuwemo. Si kwamba wanamuziki wetu walikaa kimya. Manu Dibango wa Kamerun aliwakusanya kina Salif Keita, Youssou N'Dour, Mory Kanté, King Sunny Adé na Ray Lema wa Kongo, wakatoa rekodi yao kwa ajili ya Ethiopia iitwayo Tam-Tam pour l'Éthiopie. Nani anaikumbuka? Hata mwaka 2005, tamasha la pili la Live 8 lilipofanyika, wasanii wengi wa Kiafrika walitengewa bustani kule Cornwall, mbali na Hyde Park walipokuwa wakubwa. Ayub Ogada wa Kenya na Geoffrey Oryema wa Uganda walipiga huko.

Na huku kwetu, mwaka ule wa 1985 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha runinga. Tulikuja kupata mwaka 1994. Unguja walikuwa na TVZ tangu 1973, lakini mkazi wa Temeke au Mwanza angeijulia wapi Wembley?

Hili si jambo la majina tu. Picha ikisimuliwa na mtu wa mbali, kuna kitu hubaki nje ya fremu. Dunia ilichokumbuka kuhusu Ethiopia ni ukame: mvua haikunyesha, watu wakafa. Ukame ulikuwepo. Lakini kulikuwa pia na vita Tigray na Eritrea, masoko yaliyopigwa mabomu, na serikali iliyotumia chakula kama silaha na kuwahamisha watu wa kaskazini kwa nguvu kuwapeleka kusini-magharibi. Madaktari Wasio na Mipaka wa Ufaransa walipopigia kelele uhamishaji huo, walifukuzwa nchini mwishoni mwa 1985. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 400,000 na milioni moja. Mvua peke yake haiui hivyo.

Sisemi fedha za Live Aid hazikusaidia. Zilikusanywa zaidi ya dola milioni 100, na kuna watu wako hai leo kwa sababu ya unga ule na malori yale. Mwenye njaa hali uchambuzi. Ninachosema ni kwamba tangu siku ile, Afrika imekwama kwenye picha hiyohiyo: mtoto, nzi, jua kali, na mzungu mwenye gitaa. Wakati aliyeshika kamera alikuwa Mkenya, na aliyeuteka uwanja alizaliwa Unguja.

Sasa, tumdai Freddie? Hapa tuwe waungwana. Yeye mwenyewe hakupenda kuizungumzia Zanzibar, na mwaka 2006 wapo Wazanzibari waliopinga kwa nguvu sherehe ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwake, ikaahirishwa. Wana sababu zao za imani, naye alikuwa na zake za kunyamaza. Alifariki Novemba 24, 1991 kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI. Tangu 2019 ipo makumbusho yake Mji Mkongwe, watalii wanapiga foleni. Nadhani inatosha kusema kweli: alizaliwa hapa, alikulia hapa na India, akaondoka kwa sababu ya historia yetu. Hiyo ni sehemu ya hadithi yetu hata kama yeye hakuisimulia.

Amin ni tofauti. Yeye hakuwahi kuondoka Afrika Mashariki moyoni wala mwilini. Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa akiwa kazini. Fundi wake wa sauti, John Mathai, aliuawa, yeye akapoteza mkono wa kushoto. Akafungwa mkono wa bandia, akarudi kubeba kamera. Novemba 23, 1996 alikuwa ndani ya ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Ngazija. Watu 125 walikufa, yeye mmoja wao. Mwanawe Salim ameiendeleza Camerapix, na mwaka 2006 ilitoka filamu ya maisha ya mzee, Mo & Me. Itafuteni. Wanafunzi wa uandishi wa habari hasa, itafuteni.

Kila Julai 13 vituo vyetu vya redio hupenda kupiga Queen, na mimi sina ugomvi, ongezeni sauti. Ombi langu kwa watangazaji ni sekunde kumi tu kabla ya wimbo: tajeni jina la Mohamed Amin wa Nairobi na Dar es Salaam. Na wewe mdau uliyekuwa mtu mzima mwaka 1985, Unguja, Mombasa, Nairobi, popote, tuandikie ulichokisikia siku ile. Kama hukusikia chochote, tuandikie hilo pia. Nalo ni habari.